Mvinyo wa mapovu kwa kokteli za branchi: Chagua chupa nafuu isiyokutia hasara mpakani

Hoteli nyingi za Nairobi, Arusha, Dar es Salaam, Kampala na Kigali huandaa mlo wa mwisho wa wiki unaoanza asubuhi na kwisha alasiri, maarufu kwa jina la branchi. Pamoja na mayai, mikate na matunda, mteja hupewa kokteli nyepesi. Inayoongoza ni mimosa, yaani juisi ya machungwa iliyochanganywa na mvinyo wa mapovu.

Kwa mfanyabiashara, glasi hiyo ni oda inayojirudia kila wiki. Hata hivyo, wapo wanaoingia kwenye biashara hii kwa kuangalia bei ya chupa peke yake. Matokeo yake ni mzigo mtamu kupita kiasi ambao hoteli inaukataa, au mzigo mzuri unaokwama mpakani kwa sababu ya karatasi na stempu. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua chupa inayofaa kwa kazi hiyo, na namna ya kuifikisha kwa mteja bila hasara.

Glasi moja, mizigo miwili

Itazame glasi ya mimosa kwa jicho la mfanyabiashara. Kwa kipimo cha Chama cha Kimataifa cha Wahudumu wa Baa (IBA), glasi hiyo ina mililita 75 za juisi ya machungwa na mililita 75 za mvinyo wa mapovu.

Machungwa yanaweza kuwa ya Muheza, Tanga, ambayo wafanyabiashara wamezoea kuyavusha kwenda Kenya. Kwa kuwa ni zao la Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa hapo hapo mpakani, mradi masharti ya afya ya mimea yametimizwa.

Nusu ya pili ya glasi ni hadithi tofauti. Mvinyo uliotengenezwa Afrika Kusini, Italia au Hispania hauna asili ya EAC, hata kama umenunuliwa dukani Arusha na una risiti halali. Cheti rahisi hakiuhusu. Anayebeba katoni 10 za mvinyo huo kwa kudhani utapita kama machungwa anajitafutia matatizo.

Si kila chenye mapovu ni shampeni

Mtaani kila chupa inayolipuka kizibo huitwa shampeni. Kisheria, jina hilo ni la mvinyo unaotoka eneo la Champagne nchini Ufaransa. Kwenye ankara na fomu za forodha tumia jina lililoandikwa kwenye chupa, kwani jina la shampeni linaweza kuwafanya maofisa watilie shaka thamani uliyoandika.

Kinachotofautisha aina na bei ni jinsi mapovu yanavyopatikana. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kuuchachusha mvinyo mara ya pili ndani ya chupa yenyewe na kuuacha ukae na chachu kwa miezi mingi. Hivyo ndivyo inavyotengenezwa shampeni, Cava ya Hispania na Cap Classique ya Afrika Kusini. Cap Classique ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1971 na kampuni ya Simonsig ya Stellenbosch. Kazi ni nyingi na muda ni mrefu, hivyo bei hupanda, ingawa Cava nyingi bado ni nafuu.

Ya pili ni kuuchachusha kwenye tangi kubwa lililofungwa, kisha kujaza chupa. Prosecco nyingi ya Italia hutengenezwa hivyo. Njia hii ni ya haraka na hubakiza ladha ya tunda.

Ya tatu ni kuingiza gesi kwenye mvinyo wa kawaida kama inavyofanyika kwa soda. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, lakini mara nyingi mapovu yake ni makubwa na huisha upesi.

Kwa kokteli, shampeni ni gharama isiyo na sababu. Ladha inayolipiwa humo, ile ya mkate na karanga itokanayo na chachu, humezwa na juisi ya machungwa. Cap Classique ya bei ya juu nayo ni afadhali iuzwe peke yake bila kuchanganywa. Kwa mimosa, angalia kwanza Prosecco, Cava, au mvinyo wa mapovu wa Afrika Kusini uliotengenezwa kwa tangi. Ule wa kuingizwa gesi uchukue pale tu mteja anapoujua na kuukubali.

Soma lebo kabla ya kulipa

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Maneno yanayoonyesha utamu kwenye chupa yanapotosha kwa asiyeyajua. Kwa kanuni za Ulaya, kiasi cha sukari katika lita moja ni hiki:

- Brut Nature: chini ya gramu 3
- Extra Brut: hadi gramu 6
- Brut: chini ya gramu 12
- Extra Dry: gramu 12 hadi 17
- Dry au Sec: gramu 17 hadi 32
- Demi-Sec: gramu 32 hadi 50
- Doux: zaidi ya gramu 50

Zingatia kwamba Extra Dry ni tamu kuliko Brut, ingawa jina lake linamaanisha "kavu zaidi". Prosecco nyingi zinazouzwa ni za Extra Dry, hivyo usiagize kwa kutaja neno Prosecco tu.

Juisi ya machungwa, embe au pasheni iliyotiwa sukari tayari ni tamu. Ukiichanganya na Demi-Sec, kinywaji kinakuwa kama sharubati na mteja hamalizi glasi ya pili. Kwa kokteli za juisi, agiza Brut. Extra Dry inafaa pale mhudumu anapotumia juisi kali kama ya pasheni isiyo na sukari. Chupa tamu zina soko lake kwenye harusi na sherehe, kwa hiyo usizikatae, ila usiziuze kama mvinyo wa branchi.

Angalia pia neno Frizzante kwenye chupa za Italia. Maana yake ni mvinyo wenye mapovu machache, na presha yake haizidi kiasi cha bar 2.5. Spumante ndiyo yenye mapovu kamili, kuanzia bar 3. Frizzante huwa rahisi, lakini ikikutana na juisi hupoa na kuwa kama maji ya matunda.

Piga hesabu kwa glasi

Mwenye hoteli hauzi chupa, anauza glasi. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 10 za mimosa kwa kipimo cha IBA. Toa povu linalomwagika, hesabu 9. Kokteli ya Bellini, ambayo asili yake ni Harry's Bar ya Venice na ambayo wengine huku huitengeneza kwa rojo la embe badala ya pichi, hutumia mililita 100 za mvinyo. Hapo chupa inatoa glasi 7.

Sasa tuchukue mfano wa kukokotoa. Chupa moja inanunuliwa kwa shilingi 9,000 na nyingine kwa shilingi 13,500. Ya pili ni ghali kwa asilimia 50. Lakini nauli, stempu na ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa lita ni sawa kwa zote mbili. Tuseme jumla yake ni shilingi 6,000 kwa chupa. Sasa gharama ni 15,000 dhidi ya 19,500, na tofauti imeshuka hadi asilimia 30. Kwa glasi 9, ni shilingi 500 tu kwa kila glasi, kabla ya ushuru wa forodha na VAT ambavyo hufuata thamani.

Fundisho ni kwamba gharama zisizobadilika huibana zaidi chupa rahisi kuliko zote. Mara nyingi chupa ya daraja la kati, yenye mapovu ya kweli na iliyoandikwa Brut, ndiyo nafuu halisi. Hoteli haitairudisha, na oda itaendelea.

Chupa ndogo za mililita 200 zinafaa kwa hoteli yenye wateja wachache, kwani chupa kubwa ikishafunguliwa hupoteza gesi ndani ya siku moja au mbili hata ikifungwa kwa kizibo maalum. Lakini gharama yake kwa lita ni kubwa, kwa hiyo piga hesabu kwanza.

Ushuru: Asili ya bidhaa ndiyo inayoamua

Mvinyo wa mapovu una namba yake ya forodha, 2204.10. Mvinyo wa kawaida wa chupa ni 2204.21, na vinywaji vilivyochachushwa kutokana na matunda mengine, kama sida ya matofaa, viko 2206. Juisi ya zabibu yenye gesi isiyo na kilevi, ambayo hoteli nyingi za pwani huiagiza kwa wateja wasiotumia pombe, iko kwenye kifungu tofauti. Kuandika namba isiyo sahihi ili kupunguza kodi ni kosa, hata kama wakala ndiye aliyeshauri.

Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa EAC una madaraja manne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Viwango vya baadhi ya bidhaa hubadilika kila bajeti ya Juni, hivyo hakiki kifungu chako kwenye gazeti la EAC la mwaka husika kabla ya kuagiza.

Tanzania ipo EAC na SADC pia. Mvinyo wa Afrika Kusini unaoingia Tanzania ukiwa na cheti cha asili cha SADC unaweza kudai unafuu wa ushuru chini ya mpango huo. Kenya na Uganda hazimo SADC, na Afrika Kusini haimo COMESA. Kwa hiyo mzigo ulioingia Tanzania kwa unafuu wa SADC haubebi unafuu huo kuvuka Namanga au Mutukula. Ukitaka kuuza Kenya au Uganda, tangaza tangu mwanzo kuwa mzigo ni wa huko, na ulipie ushuru wa huko.

Stempu haivuki mpaka

Kenya imekuwa ikitumia mfumo wa stempu za ushuru wa bidhaa kwa mvinyo tangu 2013. Tanzania na Uganda zilianza stempu zao za kielektroniki mwaka 2019. Kila nchi ina stempu yake. Chupa yenye stempu ya Tanzania ikikutwa baa ya Nairobi ni sawa na isiyo na stempu.

Aidha, kuna leseni. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, na Zanzibar ina bodi yake ya vileo inayotoa vibali vya kuingiza. Mwanzoni mwa 2024 hoteli za Zanzibar zilikumbwa na upungufu wa vinywaji baada ya waagizaji waliozoeleka kubadilishwa. Kupandisha katoni boti la Dar es Salaam bila kibali cha huko si njia ya mkato.

Wasafirishaji: Unabeba presha

Dereva na mwenye gari wafahamu kwamba chupa ya mvinyo wa mapovu uliochachushwa ndani yake ina presha ya bar 5 hadi 6, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Presha hiyo hupanda joto linapopanda. Lori linalotoka Cape kupitia Beitbridge na Chirundu, au kupitia daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, hupita bonde la Zambezi lenye joto kali na kisha linaweza kukaa foleni Nakonde na Tunduma.

- Usiegeshe kutwa juani turubai likiwa limefunikwa bila upenyo wa hewa. Kama una nafasi ya kuchagua, safiri usiku au tumia kontena la baridi.
- Katoni ya chupa 6 ina uzito wa kilo 9 hadi 10. Usipange juu kupita alama ya katoni, na jaza mianya ili mzigo usicheze.
- Chupa nyeupe za kioo zisikae kwenye mwanga. Mwanga huharibu ladha.
- Chupa zikipasuka njiani, toa taarifa forodha kabla ya kushusha mzigo. Ukishashusha na kusafisha, huna ushahidi wa kuombea nafuu ya kodi wala fidia ya bima.
- Usikubali katoni za "mzigo wa rafiki" zisizo kwenye karatasi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya EAC ya 2004, gari lililobeba magendo nalo linaweza kutaifishwa.

Maswali matano kabla ya kutoa pesa

1. Je, lebo inasema Brut, na ni mapovu kamili?
2. Hoteli imeionja ikiwa imechanganywa na juisi yake yenyewe?
3. Gharama ya glasi moja ni kiasi gani mzigo ukishafika stoo ya mteja?
4. Cheti cha asili kinakubalika katika nchi ninayouzia?
5. Nani ataagiza stempu za nchi hiyo, na kwa leseni ya nani?

Ukikosa jibu la swali la nne au la tano, subiri. Mvinyo wa Brut uliohifadhiwa vizuri unaweza kungoja miezi kadhaa ghalani, lakini lori lililozuiliwa mpakani linakula pesa kila siku.