Kumsaidia katekista kufikiri mwenyewe

Padri mwenye vijiji ishirini vya kutembelea hafiki katika kila kimoja ila mara chache kwa mwaka. Anafika, anasikia maungamo, anasoma Misa, anabatiza, anasikiliza maneno ya watu, na kesho yake anashika njia. Siku zote zingine mzigo ni juu ya katekista. Yeye ndiye anayeongoza sala siku ya Dominika, anayefundisha wakatekumeni, anayezika wafu, anayeamshwa usiku kupatanisha mume na mke. Basi tujiulize: siku ile moja tunapokuwa naye, tunamwachia nini? Tukimwachia amri tu, zitamtosha mpaka litokee jambo ambalo hatukulitazamia. Na jambo la namna hiyo halikawii kutokea.

Kuagiza ni kazi yetu, na kufundisha ni kazi yetu. Lakini iko kazi ya tatu tunayoisahau upesi, nayo ni kumsaidia mwenzetu aone mwenyewe, apime mwenyewe, aamue mwenyewe. Siku hizi katika miji mikubwa watu wanaisomea kazi hii na kulipwa kwayo, na jina lake wamelitwaa kwa mwalimu wa michezo, yule anayesimama kando ya kiwanja na hana ruhusa ya kuugusa mpira. Mfano si mbaya. Lakini Eklezya haikungoja mpira, na mmoja wa wale walioieleza vizuri kazi hii alikuwa Mwafrika.

Karibu na mwaka 400, shemasi mmoja wa Kartago, jina lake Deogratias, alimwandikia Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba, katika inchi ya Algeria. Watu walimpelekea shemasi huyu wale waliotaka kusikia dini kwa mara ya kwanza, kwa kuwa walimsifu. Lakini yeye alilalamika kwamba maneno yake yanakuwa marefu na baridi, yakimchosha hata yeye mwenyewe. Agostino alimjibu kwa kitabu kidogo kinachoitwa kwa Kilatini De catechizandis rudibus. Tunakitaja katika masomo ya Mababa wa Eklezya, tunaandika mwaka wake katika daftari, kisha tunapita. Ni hasara, maana ni kitabu cha kazi.

Agostino anataka mwalimu aanze kwa kuuliza. Huyu aliyekuja, ni nini kilichomsukuma kuja? Kama wako watu wanaomjua, tuwaulize na hao kwanza. Kisha tumwulize mwenyewe, na jibu lake liwe mwanzo wa mafundisho yetu. Na kama anadanganya? Kama amekuja kwa kutafuta faida, naye anasema anamtafuta Mungu? Hapa ndipo ilipo akili ya Agostino. Hataki tumwaibishe. Anasema tuanze na neno lile lile la uongo, tulisifu shauri jema alilolitaja, mpaka mtu yule atamani kuwa kweli vile alivyotaka kuonekana.

Tena anamwangalia msikilizaji aliyenyamaza. Pengine ananyamaza kwa sababu ya haya, au kwa heshima, au hakufahamu, au anajua tayari yote tunayosema, au miguu yake imechoka tu. Katika Afrika ya siku zile Askofu alifundisha akiwa ameketi na watu walisimama. Agostino anakumbusha kwamba ng'ambo ya bahari kuna makanisa ambamo watu wanaketi, na kwamba aliyechoka apewe kiti. Aliyenyamaza aulizwe kwa upole kama amefahamu, naye apewe moyo wa kusema wazi kama kuna neno linalompinga.

Wapadri wenzetu, tunalijua kimya lile. Kwetu sisi linaitwa «Ndiyo, Padri». Mtoto aliyelelewa vema hambishii mkubwa wake, wala hamwambii mgeni wa heshima kwamba maneno yake hayakuingia. Ni desturi njema, na hatutaki iharibike. Lakini yule anayeitikiwa hivyo mara kumi kwa siku ataanza kudhani kwamba amefahamika mara kumi. Kumwuliza katekista «Umefahamu?» hakufai kitu, maana jibu linajulikana mbele. Afadhali kumwuliza: «Utawaelezaje wazee jambo hili ukifika nyumbani?» Hapo tutasikia mara moja ni nini kilichoingia na ni nini kilichobaki nje.

Tutoe mfano. Tuseme katekista anatuambia: «Padri, wakatekumeni wamekuwa wachache. Nifanye nini?» Jibu liko tayari mdomoni mwetu: aandike majina, na anayekosa mara tatu afutwe. Anasema «Ndiyo, Padri», anaandika majina, na mwisho wa mwaka daftari ni safi na mabenchi ni matupu.

Sasa tushike njia nyingine. Walioanza ni wangapi, waliobaki ni wangapi? Hana hesabu kichwani, anakwenda kuleta daftari. Waliokosa ni nani na nani? Anasoma majina, na katikati ya kusoma anasimama mwenyewe: karibu wote ni watu wa ng'ambo ya mto. Wameanza kukosa lini? Tangu mvua kubwa. Umekwisha kuwatembelea? Hapa atanyamaza. Tusiwe na haraka ya kumtoa katika kimya hicho. Ndipo anapofanya kazi. Kuhesabu polepole mpaka kumi kabla ya kusema neno lingine ni zoezi dogo, na anayelijaribu ataona ni gumu namna gani. Mwisho tunamwuliza: «Wewe unaona njia gani?» Naye anasema kwamba huko ng'ambo yuko mama mmoja mkristu anayejua kusoma, kwamba angeweza kufundisha nyumbani kwake siku ya Alhamisi, na mto ukijaa yule mama atasali nao mpaka maji yapungue. Sisi tulio katika nyumba ya misioni tungemjulia wapi mama huyo?

Tuseme kweli, njia hii ni ndefu. Amri inachukua dakika mbili, maongezi haya nusu saa, na nje watu wanangoja maungamo. Kwa hiyo hatuwezi kuifanya kwa kila jambo. Tuchague jambo moja katika kila safari.

Tena kuna maulizo ya uongo. Tukisema: «Je, huoni ingefaa kuwafuta?», hatukuuliza kitu, tumetoa amri tukaivika nguo ya ulizo, na katekista aliitambua kabla hatujamaliza. Kama ni amri, iwe amri. Vilevile tusitupe maulizo matatu kwa pamoja, maana atajibu lile jepesi. Na ulizo la «kwa nini» tulitumie kwa uangalifu: mkubwa akimwuliza mdogo kwa nini alifanya hivi, mdogo anasikia hukumu, anaanza kujitetea. «Ilikuwaje?» inafungua zaidi.

Bwana wetu Yezu alijua haja ya Bartimayo kipofu, hata hivyo alimwuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10, 51). Katika njia ya Emausi aliwauliza wale wawili maneno yao, akawaacha waeleze yote, pamoja na matumaini yao yaliyovunjika (Luka 24). Wazee wetu nao hawakuwa mbali na njia hii: katika baraza mzee anatoa mezali na kunyamaza, akiwaacha wagomvi wawili waitafute maana yake wenyewe. Nabii Natani alimfanyia hivyo mfalme Daudi, na Daudi akajikatia hukumu kwa mdomo wake (2 Samweli 12).

Lakini tuangalie vema Emausi. Baada ya kuwasikiliza, Bwana aliwakemea, kisha akawafundisha. Imani yetu haitoki katika kichwa cha katekista wala katika chetu, tumeipokea. Kama ameeleza vibaya Utatu Mtakatifu, hatutamwuliza anaona njia gani, tutamfundisha. Maulizo ni ya kazi, ya busara, ya mambo ya kijiji na ya moyo wa mtu. Hata katika mafundisho, Mtakatifu Tomaso anamlinganisha mwalimu na mganga: dawa inasaidia, lakini anayeponya kwanza ni nguvu ya mwili wenyewe. Ndivyo mwalimu anavyosaidia akili, naye hawezi kufahamu kwa niaba ya mwanafunzi.

Neno moja kwa waseminari, maana ninyi mko leo upande wa wanaoulizwa. Anayejua kuuliza vizuri anaweza kuingia mbali katika moyo wa mtu, na kwa sababu hiyo Eklezya imeweka mpaka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 240, inakataza kabisa kumwomba kiongozi wa roho au muungamishi shauri lake wakati wa kuamua kama mseminari apewe daraja au aondolewe. Kanuni ya 630 inawakataza wakubwa wa watawa kumsukuma mtu kwa namna yo yote awafunulie dhamiri yake. Katekista hakutajwa katika kanuni hizo, lakini yeye pia ana haki ya heshima hiyo. Tumwulize juu ya kazi yake. Mambo ya nyumba yake atayaleta mwenyewe, akitaka.

Na tukirudi katika kijiji kile baada ya miezi, tusianze na jambo jipya. Tumwulize kwanza juu ya mama wa ng'ambo ya mto, na Alhamisi zile, na maji. Pengine shauri lake halikufaulu. Hapo tusifurahi kwa kutoa letu tulilolificha tangu zamani. Tumwulize aliona nini.