Kahawa ya Baraza Ugenini

Mzanzibari anayeishi Muscat au London akiletewa pakiti ya kahawa kutoka kwao, huinusa kwanza, dele ataliinjika baadaye. Hakosei. Habari za macho na masikio hupitia thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo, kabla ya kusambazwa. Harufu haisubiri hapo: hufika upesi kwenye amigdala, inayohusika na hisia, na jirani yake hipokampasi, inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya iliki au tangawizi katika kahawa huweza kumliza mtu kabla hajajua analia nini.

Je, kinywaji hicho kinamtuliza au kinamtonesha? Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari Basel, aliihesabu hamu ya kwao kuwa ugonjwa. Wanasaikolojia wa leo wana mtazamo mwingine. Mwaka 2008 Xinyue Zhou na wenzake walitoa utafiti uliofanyika China, ambao baadhi ya washiriki wake walikuwa watoto waliohamia mjini kutoka vijijini. Waliona kwamba mpweke hujihisi hana wa kumtegemea. Lakini upweke huohuo humsukuma kukumbuka ya zamani, na kumbukumbu hizo humrudishia imani kwamba watu anao. Marafiki hawajaongezeka hata mmoja. Kilichobadilika ni jinsi anavyowahesabu.

Mwaka 2011 Jordan Troisi na Shira Gabriel waliwanywesha watu supu ya kuku. Wale walioizoea kama chakula cha faraja walifikiwa kwa wepesi zaidi na maneno yanayohusu mahusiano. Kwa wengine supu ilibaki supu. Kwa hiyo asiye na kumbukumbu za kahawa ya baraza asitarajie makubwa kutoka kwenye kikombe cha kahawa chungu, hata akishushia kashata ngapi.

Tusiitie chumvi faraja hiyo. Watafiti wa Minnesota mwaka 2014 waliwaharibia watu hali ya moyo kwa filamu, kisha wakawapa vyakula vyao vya faraja, vyakula vingine, au wasiwape kitu. Wote walichangamka karibu sawa. Na kahawa ina kafeini, ambayo humchangamsha hata asiye na cha kukumbuka.

Kikombe kikikukumbusha mtu na mtu huyo bado yu hai, mpigie simu kabla kahawa haijapoa.