Pampu ya mafuta ikigoma Rungwe Mpya: Mambo ya kufanya kabla ya kufungua tanki

Jana jioni gari ilipaki ikiwa nzima. Asubuhi hii swichi inageuzwa, stata inazunguka vizuri, betri ina nguvu, lakini injini haipokei. Nje abiria wa kwenda Kasulu mjini wanasubiri, na magunia ya maharage yameshapakiwa.

Kwa mwenye gari katika kata ya Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, huo ni mwanzo wa hesabu ngumu. Kumtoa fundi mjini ni gharama. Kuivuta gari hadi kwake ni gharama nyingine. Na kila siku gari inapolala, hakuna kinachoingia.

Ndipo swali linapokuja: pampu ya mafuta haiwezi kubadilishwa hapa hapa nyumbani?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, hata kwa mtu anayeanza. Katika gari nyingi ndogo za Toyota, kama IST na Vitz, pampu imekaa ndani ya tanki na inafikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma. Bolti zenyewe si ngumu.

Lakini kazi hii ina mitego miwili. Wa kwanza ni kununua pampu mpya wakati ya zamani haina tatizo. Wa pili ni mvuke wa petroli, na huo unaweza kuondoka na gari, nyumba na watu.

Pampu inafanya nini, na kwa nini inakufa?

Pampu ni mota ndogo ya umeme inayosukuma petroli kutoka kwenye tanki hadi kwenye nozeli za injini. Haitoshi mafuta kufika tu, lazima yafike na presha. Kwa injini ya 1NZ-FE, inayotumika kwenye IST nyingi, presha inayotakiwa ni kati ya kPa 304 na 343.

Mota hiyo inapozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Dereva anayezoea kutembea taa ya mafuta ikiwa imewaka anaifanya pampu ichemke. Siku ya kwanza haitasema kitu. Baada ya muda itakata.

Adui mwingine ni uchafu. Petroli inayouzwa kwenye chupa na vidumu kando ya barabara inaweza kuwa na maji, mchanga au kuchanganywa na mafuta ya taa. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, imekuwa ikikataza uuzaji huo na kuhamasisha ujenzi wa vituo vya gharama nafuu vijijini. Uchafu ukiziba kichujio kilicho chini ya pampu, mota hulazimika kuvuta kwa nguvu kuliko kawaida, na umri wake unapungua.

Kwanza, je, ni pampu kweli?

Gari isiyowaka ina sababu nyingi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kuna vipimo vitano vya kupita kwa mpangilio.

1. Mafuta yapo? Geji ya mafuta nayo huharibika na kudanganya. Kuongeza lita chache kutoka kituo cha uhakika kunamaliza ubishi.

2. Fyuzi na rilei. Kwenye Toyota nyingi fyuzi inayohusika imeandikwa EFI. Ikiwa imekatika, inawekwa nyingine yenye namba ile ile ya ampea. Ikikatika tena, kuna shoti mahali, na kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya ni kualika moto.

3. Sauti. Mtu mmoja anapiga stata, mwingine anaweka sikio kwenye kiti cha nyuma. Pampu nzima hutoa mlio mwembamba wa kuzunguka. Kwenye baadhi ya Toyota hailii swichi inapowashwa tu, inalia wakati stata inazunguka. Kwa hiyo ukimya wa swichi peke yake si ushahidi.

4. Umeme kwenye soketi ya pampu. Kiti kinainuliwa, soketi inachomolewa na kupimwa kwa tester huku mwenzake anapiga stata. Umeme wa karibu volti 12 ukifika, waya wa hasi ukawa mzima, na pampu bado ikawa kimya, basi pampu imekufa. Umeme usipofika, tatizo liko kwenye waya, rilei au fyuzi, na pampu mpya haitasaidia chochote.

5. Presha. Pampu inaweza kulia vizuri lakini isisukume vya kutosha. Dalili yake ni gari kukosa nguvu mlimani au kukatakata ikiwa na mzigo. Hapo inahitajika geji ya presha, na mafundi wengi wa mfumo wa EFI wanayo.

Kama pampu inalia na presha iko sawa, macho yahamie kwenye plagi na koili. Tanki liachwe lilivyo.

Mvuke unaotambaa chini

Hapa ndipo anayeanza anapaswa kusoma mara mbili.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Asubuhi ya baridi ya nyanda za juu za Kasulu si kinga. Mvuke huo hauonekani, na ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa ardhini na kufuata mteremko.

Sasa fikiria boma la kawaida lililo kwenye kilima: gari imepaki juu, jiko la mafiga liko chini kidogo, maharage yanachemka. Mvuke unaweza kushuka hadi kwenye moto, kisha moto ukarudi nao hadi kwenye tanki.

Watanzania wanajua petroli inavyoweza kufanya. Agosti 10, 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakimbilia kuchota. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Tanki la IST ni dogo, lakini tabia ya mafuta ni ile ile.

Kwa hiyo kabla ya spana kushikwa, masharti haya yatimie:

- Gari iwe nje, mahali pa wazi na tambarare, si bandani wala chini ya kibaraza.
- Mioto yote ya boma izimwe: jiko, kibatari, sigara, jenereta. Chakula cha mchana kisubiri.
- Watoto na wapita njia wakae mbali.
- Kazi ifanyike mchana. Giza likiingia tanki likiwa wazi, ndipo watu huleta taa na cheche.
- Simu ikae mbali. Picha za jinsi waya na hosi zilivyokaa zipigwe mapema, kabla tanki halijafunguliwa.
- Pawepo mtungi wa kuzimia moto wa poda, na ndoo ya mchanga mkavu. Maji hayafai kwa moto wa petroli, yanausambaza.

Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ni vizuri kila aliyepo aijue. Lakini kijijini msaada unaweza kuchukua muda kufika, kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni moto kutotokea.

Hatua kwa hatua

Kupunguza mafuta. Tanki liwe chini ya robo. Likiwa limejaa, mafuta yanaweza kumwagika pampu inapotolewa. Kuvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira ni hatari, ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Pampu ndogo ya mkono na dumu imara lenye mfuniko hufanya kazi hiyo.

Kutoa presha. Fyuzi ya pampu inachomolewa na gari inawashwa hadi izime yenyewe. Kama haiwaki kabisa, stata inapigwa kwa sekunde chache. Baada ya hapo mfuniko wa kujazia mafuta unafunguliwa ili mvuke uliobanwa utoke.

Kutoa betri. Terminali ya hasi inafunguliwa na kusogezwa mbali. Hairudi mpaka tanki lifungwe.

Kusafisha juu ya tanki. Kiti kikishatoka na kifuniko cha chini yake kufunguliwa, mara nyingi kuna vumbi jekundu limejaa. Lifutwe lote kwa brashi na kitambaa. Uchafu huu ukidondokea ndani, pampu mpya itaanza maisha ikila mchanga.

Kuchomoa soketi na hosi. Kwanza mikono inagusa bodi ya gari sehemu ya chuma tupu ili kuondoa umeme tuli. Kitambaa kinazungushiwa kiungio cha hosi, kisha klipu inabanwa na hosi kuvutwa taratibu. Matone machache ni kawaida. Miwani ya kinga na glavu zinasaidia sana hapa.

Kutoa pampu. Bolti zinalegezwa kidogo kidogo kwa kuzunguka. Kwenye gari nyingine kuna ringi ya plastiki badala ya bolti. Pampu inainuliwa polepole na kulazwa upande, kwa sababu ina mkono mwembamba wenye boya la geji. Mkono huo ukipinda, geji itadanganya kuanzia siku hiyo. Mdomo wa tanki ufunikwe mara moja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Kulinganisha. Ya zamani na mpya zinawekwa pamoja: urefu, mdomo, soketi, namba ya spea. Hata zikifanana kwa macho, presha inaweza kutofautiana, ndiyo maana kumpelekea muuza spea namba ya zamani ni bora kuliko kumtajia jina la gari tu. Kichujio cha chini na oringi vibadilishwe pia. Kubana oringi ya zamani ili kuokoa fedha kidogo ndiko kunakoleta harufu ya petroli ndani ya gari.

Kurudisha. Pampu mpya isijaribiwe nje ya tanki kwa kuigusisha na betri. Cheche moja inatosha kuwasha mvuke, na kuzunguka bila mafuta kunaiumiza. Irudishwe kwa uelekeo ule ule, bolti zikazwe kwa msalaba na kwa nguvu ya wastani, hosi isukumwe mpaka ilie "ta", halafu ivutwe kidogo kuhakikisha imeshika.

Kujaribu. Mfuniko wa mafuta unafungwa, harufu inaachwa ipotee, kisha fyuzi na betri vinarudi. Swichi inawashwa na kuzimwa mara kadhaa, ndipo stata ipigwe. Kifuniko cha chini ya kiti kibaki wazi kwanza. Injini ikiwaka, sehemu zote zikaguliwe. Tone moja la petroli linatosha kuzima gari na kuanza upya.

Wakati wa kuacha na kumwita fundi

Kuna hali ambazo si za anayeanza. Gari ya dizeli ni mojawapo. Nyingine ni injini za petroli za D-4, ambazo zina pampu ya pili ya presha kubwa sana kwenye injini yenyewe.

Vilevile zipo gari ambazo tanki lazima lishushwe chini ndipo pampu itoke. Kulala chini ya tanki la mafuta lililoshikiliwa na jeki na mawe si kuokoa gharama. Bolti zilizoliwa na kutu, au waya zilizoungua, nazo ni sababu za kusimama.

Na wapo wanaobanwa na muda, mgonjwa yuko ndani na gari haiwaki. Mafundi wana mbinu ya zamani: kugonga tanki kwa chini kwa kipande cha mti, bila nguvu nyingi, huku stata inapigwa. Pampu inayochoka wakati mwingine huamka. Hiyo si tiba, ila inaweza kuifikisha gari mjini mara moja.

Ili isijirudie

Taa ya mafuta iwe onyo, isiwe mazoea. Tanki likibaki juu ya robo, pampu inapoa vizuri. Mafuta yanunuliwe kituoni, na risiti itunzwe, kwani ndiyo ushahidi kama petroli ikiwa mbovu.

Petroli chafu iliyotolewa kwenye tanki haimwagwi mtaroni wala karibu na kisima. Iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko na kupelekwa gereji.

Mwenye gari anayepima kwanza anaweza kugundua kwamba ugonjwa wote ulikuwa fyuzi moja. Na yule ambaye kweli pampu yake imekufa, ataifungua akijua kinachotoka kwenye tanki lile, na jiko la nyumbani likiwa limezimwa.