Banda la gemu: Kompyuta ya mezani au mpakato?

MAVUNO ya mpunga yanapokwisha katika bonde la Kilombero, mkulima mwenye akiba hutafuta mradi wa pili kabla fedha hazijayeyuka. Kwa mkazi wa Ifakara, mradi mmojawapo unaowezekana ni banda la kompyuta: mchana kuchapa barua, jioni vijana kucheza gemu kwa malipo.

Swali linalogusa mtaji moja kwa moja ni hili: anunue kompyuta mpakato ya gemu ya bei nafuu, au aunganishe kompyuta ya mezani?

Wengi huvutiwa na mpakato kwa sababu ya betri. Mitambo ya Kidatu (megawati 204) na Kihansi (megawati 180) ipo jirani, lakini ujirani huo hauzuii umeme kukatika dukani. Hata hivyo, gemu nzito huweza kumaliza betri kwa saa moja au mbili, na mashine hupunguza kasi chaja inapochomolewa. Betri hiyo itaokoa kazi ya kuchapa, si mchezo.

Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo, hivyo inahitaji UPS. UPS ndogo hutoa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima mashine salama. Gharama yake, pamoja na monita, kibodi na mausi, ihesabiwe tangu mwanzo. Anayelinganisha bei ya mpakato na bei ya kasha tupu anajidanganya.

Upande wa LUKU, mpakato una nafuu. Tuchukue mfano: kompyuta ya mezani na monita yake zikila wati 275 kwa saa nane, ni uniti 2.2 kwa siku. Mpakato wa wati 120 kwa muda huo hutumia takriban uniti moja. Kwa siku 26 za kazi, tofauti ni uniti 32 hivi.

Lakini tofauti hiyo inaweza kumezwa na tengenezo moja. Katika mpakato, kadi ya picha kwa kawaida imechomelewa kwenye ubao mkuu. Ikiungua kwa joto na vumbi, huenda mashine nzima ikawa hasara. Katika ile ya mezani, fundi hubadilisha kifaa kilichokufa tu, na vumbi hupulizwa kwa kufungua mfuniko.

Kwa mtaji mdogo, ipo njia ya kati: kununua kompyuta ya ofisi iliyokwishatumika, kisha kuiongezea kadi ya picha kama GTX 1650. Zipo aina za kadi hiyo zinazotumia wati 75 tu na hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Kwanza pima nafasi ndani ya kasha, kwani makasha membamba hupokea kadi fupi tu.

Kwa banda la kudumu, basi, ya mezani ndiyo yenye faida. Mpakato umfae anayehama na kazi yake, mathalani mpiga video za harusi anayekwenda Mlimba leo na Malinyi kesho.

Vyovyote utakavyochagua, usilipe kabla ya kuijaribu kwa gemu nzito kwa saa nzima, na udai risiti yenye dhamana iliyoandikwa. Ukinunulia Kariakoo, kasoro utakayoigundua Ifakara itakugharimu nauli ya kwenda na kurudi.