"Padri, Nimekosa Nini?": Wasiwasi wa Wazazi na Dalili za Mapema za Usonji



Baada ya Misa ya Dominika katika kigango kimoja, mama kijana alinisubiri nje akiwa amembeba mwanae wa mwaka mmoja na nusu. Alinieleza kwamba mtoto haitiki akiitwa jina, hamtazami usoni, wala haonyeshi kitu kwa kidole. Baba yuko machimboni Geita. Bibi anasema mtoto atasema tu. Jirani ameshataja mganga. Kisha akauliza: "Padri, nimekosa nini?"

Swali hilo ni la kale. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua kama mtu aliyezaliwa kipofu aliponzwa na dhambi yake au ya wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili.

Hali aliyoihofia mama huyo ni usonji, yaani tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine. Daktari Leo Kanner aliieleza nchini Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye akina mama walilaumiwa kwamba upendo wao ulikuwa baridi. Sayansi imelikanusha dai hilo. Urithi wa kibaiolojia una nafasi kubwa. Laana na uchawi havihusiki. Chanjo nayo haihusiki. Chanjo ya surua hutolewa kwetu katika miezi 9 na 18, umri ambao dalili nyingi huanza kuonekana, ndiyo maana wengine huihisi vibaya. Utafiti wa mwaka 1998 ulioishuku chanjo hiyo ulifutwa na jarida lililouchapisha, mwaka 2010.

Mzazi aangalie nini? Mtoto wa miezi 9 asiyeitika jina lake. Wa miezi 12 asiyepunga mkono wala kutumia ishara nyingine. Wa miezi 18 asiyeonyesha kwa kidole kinachomvutia. Wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili. Na, katika umri wowote, anayepoteza maneno au tabasamu alilokuwa nalo. Dalili moja si hukumu. Mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki. Kwa hiyo masikio yapimwe pia.

Chukueni kadi ya mtoto mwende kliniki, mkaeleze mlichokiona, na mwombe rufaa ikihitajika, hata kufika Bugando, Mwanza. Wakati huohuo zungumzeni naye uso kwa uso, mwimbieni, chezeni naye, iwe kwa Kisukuma au Kiswahili. Msaada unaoanza mapema humfaa zaidi.

Kwa mganga hupotea fedha na miezi, na mara nyingi hutajwa mchawi. Kanda yetu inayajua matunda machungu ya ramli chonganishi: vikongwe wameuawa, na ndugu zetu wenye ualbino wameuawa.

Mwezi Novemba 2014, Papa Fransisko aliwapokea Vatikani watu wenye usonji na familia zao, akahimiza upweke wao uvunjwe. Kwetu, kazi hiyo ni ya Jumuiya Ndogo Ndogo: kuitembelea nyumba hiyo, kumkaribisha mtoto kanisani hata akipiga kelele, na kumkumbusha baba aliye machimboni kwamba mzigo huu si wa mama peke yake.

Nilimjibu yule mama: "Hujakosa, mwanangu." Kesho yake akina mama wawili wa WAWATA walimsindikiza kliniki.