MTOTO ASIYESHIKA SOMO SI MJINGA



Mtoto akirudia darasa mara mbili, wengi husema: hana akili, aende shamba. Sisi tunasema hapana. Kwanza ijulikane sababu.

Tutazame Quiterajo, pwani ya Cabo Delgado. Nyumbani mtoto husema Kimwani au Kimakonde. Shuleni hukuta Kireno. Je, tatizo ni akili au ni lugha? Tena vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilifika hata Quiterajo, watu wakakimbia. Mtoto aliyelala porini kwa hofu hatulii upesi darasani. Mwingine haoni ubao. Mwingine hasikii vizuri. Na yuko mwenye macho na masikio mazima, lakini herufi humchanganya. Kila mmoja anahitaji msaada wake, na fimbo si mmojawapo.

Kupima matatizo haya ni kazi ya wataalamu. Kenya ilianzisha vituo vya kuwapima watoto mwaka 1984. Msumbiji nayo ina kituo cha elimu jumuishi Anchilo, Nampula, lakini ni mbali. Basi tuanze karibu: mwalimu atueleze mtoto anakwama wapi hasa, hospitali impime macho na masikio, kisha tuombe barua ya kumpeleka kwa mtaalamu.

Na siku ya kumpeleka mtoto, mshahara usikatwe. Hilo kamati zetu zilidai katika mkataba wa kazi. Mmoja akiomba hupewa ahadi. Tukidai pamoja, tutasikilizwa.