Takwimu za Kwale Zataka Wataalamu, Si Vishikwambi Pekee

Watu waliohesabiwa katika eneo la Kwale kwenye sensa ya mwaka 2009 walikuwa 649,931. Miaka kumi baadaye, katika sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, hesabu hiyo ilipanda hadi 866,820. Hilo ni ongezeko la theluthi nzima, ilhali nchi kwa jumla iliongezeka kwa takriban asilimia 23 katika muda huo huo, kutoka watu milioni 38.6 hadi milioni 47.6.

Mwandishi wa makala haya hana nia ya kuzitilia shaka tarakimu hizo. Analouliza ni jambo dogo tu: ni nani huko Kwale awezaye kutueleza maana yake? Je, ongezeko hili ni la watoto waliozaliwa? Ni la vijana waliomiminika Ukunda kutoka bara kutafuta kazi katika mahoteli ya Diani? Au makarani wa mwaka 2019 walifika katika vijiji vya ndani ya Kinango ambako wenzao wa 2009 hawakufika? Kila jibu ladai mpango wake: la kwanza lataka zahanati na madarasa ya chekechea, la pili lataka maji na nyumba za kupanga, na la tatu lataka turudi nyuma tukasahihishe hesabu tulizozitegemea kwa mwongo mzima.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha za umma iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, na umaskini asilimia 20. Fomula zimebadilishwa tangu hapo, lakini watu na umaskini hawajaondolewa ndani yake. Kwa hivyo karani anapoiruka nyumba moja kule Mwereni, au anapoijaza hojaji kwa kukisia akiwa chini ya mwembe, aipunja Kwale dawa na barabara, hata kama mwenyewe hajui. Yafaa pia tukumbuke kwamba mwaka 2010 aliyekuwa Waziri wa Mipango, Bw. Wycliffe Oparanya, alifutilia mbali matokeo ya sensa katika wilaya nane za kaskazini kwa sababu hesabu zake hazikuaminika. Aibu hiyo ilizuka kwingine, lakini hakuna aliyepewa hirizi ya kujikinga nayo.

Aghalabu tukizungumzia takwimu hukumbuka mashine. Sensa ya 2019 ilisifiwa sana kwa kutumia vishikwambi badala ya karatasi, na sifa hiyo ilistahili. Hata hivyo, kishikwambi hakijui kuuliza. Chukua neno lenyewe la msingi, yaani kaya. Kwa mwanatakwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na wanaokula chungu kimoja. Kwa Mdigo au Mduruma, kaya ni nyumbani kwa asili, tena ni msitu mtakatifu wa wazee, kama ule wa Kaya Kinondo karibu na Diani, ambao ni miongoni mwa misitu iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mhoji akimwuliza mzee wa Kinondo kaya yake ina watu wangapi, asishangae mzee akimtazama kwa muda mrefu kabla ya kujibu. Na bwana mwenye mke mmoja Ukunda na mwingine Lunga Lunga, je, huyo ni wa chungu kipi? Swali hili lina jibu, ila si jibu la kubuniwa mlangoni. Ni la kuamuliwa mapema na mtu aliyesomea namna ya kutunga hojaji, kuijaribu na kuirekebisha kabla ya mhoji wa kwanza kubisha hodi.

Kisha kuna suala la nani hupatikana nyumbani. Katika vyumba vya kupanga vya Ukunda, mhoji akipita saa nne asubuhi atakuta milango imefungwa, kwa kuwa wapangaji wako hotelini, dukani au juu ya bodaboda. Huko Vanga, Shimoni na Msambweni, wavuvi hufuata pepo na samaki, wakalala dago siku kadhaa mbali na wake zao. Mhoji asiyefunzwa vyema hushawishika kuingia nyumba ya jirani iliyo wazi, akaandika majibu ya hao aliowakuta, na jioni akarudi na hojaji zilizojaa. Machoni pa msimamizi wake, huyo ndiye mchapakazi! Kumbe ameibadilisha sampuli ikawa ya wanaoshinda nyumbani, na ripoti itakayotoka itatuambia kwamba Kwale haina wafanyakazi. Ndiyo maana katika tafiti kubwa za afya ya jamii mhoji hukatazwa kabisa kubadilisha nyumba iliyochaguliwa. Hutakiwa kurejea tena na tena.

Tafiti hizo zenyewe zimetufunza mengi. Ule wa mwaka 2014 ndio uliokuwa wa kwanza wa aina yake kutoa makadirio ya kila kaunti, na ili kufanya hivyo ilibidi zichaguliwe nyumba zaidi ya 40,000 kote nchini. Ule wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba kwa jirani zetu wa Kilifi kiwango ni asilimia 37. Hizi ni namba za sampuli; kila moja ina ukingo wake wa makosa, juu na chini. Afisa asiyejua hayo ataona kaunti imepanda au imeshuka kwa nukta mbili, aite waandishi wa habari na kujipongeza, kumbe hakuna kilichobadilika ila bahati ya kuchagua nyumba.

Sasa basi, katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, takwimu zimetajwa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, chini ya mipango na maendeleo. Jukumu hilo haliwezi kuachiwa Shirika la Takwimu la Kitaifa (KNBS) pekee. Mgodi wa titani wa Kwale ulipokoma kuchimba Desemba 2024, kaunti ilistahili kujua familia zilizoutegemea zinaishije mwaka mmoja baadaye, na miwili, na mitatu. Utafiti kama huo haumo katika ratiba ya taifa. Ni wa Kwale, na wa Kwale wanapaswa kuweza kuufanya.

Mafunzo ya namna hii si jambo geni duniani. India ilianza kuwafundisha wanatakwimu wa serikali za Asia na Afrika mjini Calcutta tangu mwaka 1950. Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua masomo ya kiangazi ya usampulishaji kwa wageni mwaka 1961, kwa juhudi za Leslie Kish; na mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Maryland kikaanzisha shahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa sampuli kwa ajili hasa ya wafanyakazi wa idara za takwimu za serikali iliyo mlangoni pake. Nasi hatukuachwa mikono mitupu. Kituo cha Mafunzo ya Takwimu cha Mashariki mwa Afrika kipo Dar es Salaam tangu 1961, na Makerere ikawa na taasisi yake ya takwimu na uchumi mwaka 1969. Kutoka Lunga Lunga hadi Dar es Salaam ni safari ya siku moja kwa basi.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazipo, na kwamba mafunzo ya siku tano katika ukumbi wa hoteli yanatosha. Siku tano zatosha kumfunza karani namna ya kujaza hojaji. Hazitoshi kumfunza mtu namna ya kuitunga, kuchagua vijiji, kukadiria makosa na kuthubutu kumwambia mkubwa wake kwamba namba aipendayo si ya kweli. Ama kuhusu fedha, Kwale ndiyo iliyoanzisha mpango wa Elimu ni Sasa chini ya Gavana Salim Mvurya, ambao umewalipia karo maelfu ya wanafunzi. Nafasi mbili au tatu za uzamili kila mwaka, kwa maafisa walio kazini tayari na kwa mkataba wa kurudi kuitumikia kaunti, zisingeuyumbisha mpango mkubwa kama huo. Wazaliwa wajuao Kidigo na Kiduruma wapewe kipaumbele, wakiwemo Wamakonde wa Msambweni, ambao walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2017 tu baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi, na ambao sensa ya 2019 ilikuwa yao ya kwanza tangu watambuliwe. Hao hawahitaji mhadhara kuhusu gharama ya kukosekana katika orodha.

Sensa nyingine inatarajiwa mwaka 2029. Shahada ya uzamili huchukua miaka miwili, na aliyehitimu huhitaji angalau utafiti mmoja wa nyanjani kabla ya kukabidhiwa kazi ya kaunti nzima.